Gari la zimamoto bila watu ni chuma tu

Kila mara nyumba zinaungua Bukavu, tunaona mambo yale yale. Saa nane ya usiku watu wanapiga makelele, vijana wanakimbia na bidoni, wengine wanabomoa nyumba ya jirani na shoka ili moto usipite. Asubuhi wakubwa wanafika, wanatembea juu ya majivu, wanatoa mapole na kuahidi gari. Kisha tunangojea moto mwingine.

Siye vijana tunasema: gari peke yake halizimi kitu.

Tuhesabu pamoja. Gari moja la zimamoto linaombaka timu ya watu sita: mkubwa wa timu, shofere, wawili wa kushika mpira mbele ya moto, wawili wa kutafuta maji na kuunganisha mipira. Hao sita hawawezi kukesha kila siku. Wakifanya saa 24 na kupumzika saa 48, inabidi timu tatu: watu 18, kwa gari moja tu. Bado hatujahesabu wagonjwa, wala yule wa kupokea simu usiku. Na mji wetu una komuni tatu, Ibanda, Kadutu na Bagira. Gari likilala Ibanda, moto ukawaka Bagira, kila mtu anayejua barabara zetu anajua jibu.

Halafu maji. Gari la kawaida linabeba karibu lita 3.000. Mpira mmoja unaweza kutoa lita 500 kwa dakika. Dakika sita, maji kwisha! Kisha shofere atashuka mpaka ziwani kuchota? Katika miji iliyojipanga, kuna vichwa vya maji kando ya barabara, vimeungwa kwenye mabomba ya mji, na bapompiye wanavijua kimoja kimoja. Siye tunaishi juu ya ziwa Kivu na tunazima moto na maji ya kuoshea vyombo.

Na kule Nyamugo ama Nkafu, gari halifiki hata mlangoni. Nyumba za mbao zimebanana, mbabula iko karibu na kitanda, nyaya za umeme zinaning'inia juu ya mabati, na njia ni ngazi. Kule inabidi vijana wa mtaa waliofundishwa, pampu ndogo ya kubeba mikononi, mipira mirefu, matangi ya maji juu ya kilima. Lakini pampu ndogo haitoke vizuri kwenye picha kama gari jekundu, ndiyo maana hakuna mtu anaiahidi.

Miaka mingi tulizoea kutazamia magari ya MONUSCO. Mwaka 2024 ilifunga kazi yake Kivu Kusini. Hatuwalilii. Mji mkubwa hivi kungojea wageni wazime moto wake, ilikuwa haya toka mwanzo.

Tunajua watatujibu: Kinshasa hairudishi ile 40% ya mapato ambayo Katiba, artikle 175, inazipatia provensi. Ni kweli, na hiyo tunaidai pia. Lakini sheria ya 7 Oktoba 2008 inaupa mji bajeti yake wenyewe, na ushuru ambao mama wa soko analipa kila asubuhi haupitie Kinshasa. Unaenda wapi?

Na wasituambie watu hawako. Wengi wetu tuna lisansi na tunashinda mtaani. Tufundishwe, tupimwe kwa mtihani wa wazi, bila kuulizwa wewe ni mtoto wa nani.

Kwa hiyo tunaomba meri itangaze wazi: wazimamoto wangapi wanalipwa leo, wanalala wapi, namba gani ya simu inapokelewa saa nane ya usiku, na ni franga ngapi ziliandikwa kwa kazi hiyo katika bajeti. Barua yetu iko tayari. Tunaipeleka merini kwa miguu, na atakayetaka kutembea pamoja nasi alete bidoni tupu.