Pwani ya Msimbati si Tupu

Lipo neno moja ambalo limejipenyeza katika maandishi yetu juu ya utalii kama dumuzi ajipenyezavyo ghalani. Neno hilo ni "isiyoguswa". Twasoma habari za pwani isiyoguswa, ufuko usioguswa, msitu usioguswa. Huandikiwa msafiri atokaye mbali, mwenye hema lake na jiko lake dogo, atafutaye kambi iliyo mbali na miji na kelele zake. Hutajiwa Msimbati na Ruvula, katika pembe ya mwisho ya nchi yetu, mahali ambapo mto Ruvuma humwaga maji yake baharini na ng'ambo yake ni Msumbiji. Huahidiwa kwamba huko hatakuta mtu.

Sisi tunaipinga ahadi hiyo. Hatumpingi msafiri, maana kusafiri ni haki ya mwanadamu, na watu wa pwani hii wamepokea wageni tangu zama za majahazi ya kusi na kaskazi. Tunachopinga ni kuiuza nchi kama kwamba haina wenyewe.

Hebu tuyatazame anayoyataka msafiri huyo akisha kufika. La kwanza ni maji. Katika mchanga wa pwani si kila kisima kina maji matamu, na ajuaye kipi kinanyweka na kipi ni cha chumvi ni mwanamke wa kijiji atekaye humo tangu utoto wake. La pili ni kivuli. Atalifunga hema lake chini ya minazi, naye hatajiuliza minazi hiyo imetoka wapi. Mnazi ni mti wa kupandwa, nao hutunzwa miaka kadhaa kabla haujazaa. Ghuba yenyewe yaitwa Ghuba ya Mnazi. Jina hilo latosha kuwa hati ya kiunga. Atataka kuni, na ni lazima awepo mtu wa kumwonya kwamba mikoko haikatwi ovyo. Atataka samaki wa asubuhi, na mtu wa kumlindia vitu vyake aendapo kuogelea. Na gari lake likizama mchangani, kama yazamavyo magari katika njia ile ya Msimbati, atawataka vijana kumi wenye mabega. Kisha, akisha kutumikiwa na watu wote hao, ataka wasionekane!

Msafiri mashuhuri kuliko wote waliopita pwani hii hakuwa na ndoto kama hiyo. David Livingstone alipofika katika mlango wa Ruvuma mwezi Machi mwaka 1866, akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, mikoko ilimzuia kuwashusha wanyama wake, ikambidi arudi kaskazini hadi ghuba ya Mikindani. Hapo alihitaji nini? Alihitaji wapagazi, viongozi wa njia na chakula. Vichaka vilipowashinda ngamia, aliwaajiri Wamakonde wamfyekee njia kwa mashoka. Bila ya watu asingalikwenda hata hatua mia. Naye alipofariki mwaka 1873, Chuma na Susi, waliokuwa pamoja naye tangu safari hiyo ya 1866, ndio walioongoza kazi ya kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Lakini picha iliyobaki katika vichwa vya wengi, na hata katika vitabu tulivyosomeshwa enzi za ukoloni, ni ya mzungu mmoja akitembea peke yake katika nchi tupu. Hiyo "isiyoguswa" ya leo ni mjukuu wa picha hiyo.

Wala tusidhani kwamba kupiga kambi ni elimu mpya tuliyoletewa na wageni. Wavuvi wetu wanalo dago. Pepo zinapobadilika, huondoka na vyombo vyao wakahamia ufuko wa mbali kwa majuma au miezi, wakajenga vibanda vya makuti, wakavua, wakakausha samaki, kisha wakarejea makwao. Nao wana mahitaji yale yale ya mwenye hema: maji matamu, kivuli, kuni, mahali salama pa kupandishia chombo. Tofauti ni moja. Mwenye dago hufika kwanza kwa wazee wa mahali, akajitambulisha, akaeleza atakaa muda gani. Yeye ajua kwamba ufuko una wenyewe hata kama hakuna nyumba inayoonekana. Tena wazee wana methali juu ya mtu achafuaye ago alilolala, ambayo kwa heshima ya madarasa hatutaiandika kwa maneno yake kamili. Maana yake ni kwamba huenda akarejea papo hapo.

Uzuri anaousifu msafiri nao una historia. Miamba ya Mtwara ilipigwa baruti kwa miaka mingi na wavuvi walioona faida ya siku moja. Katika miaka ya 1990 wananchi wa pwani za Mtwara na Lindi walisimama kuipinga baruti, wakaunda chama chao, Shirikisho. Mwaka 2000 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 650, na ndani yake vimo vijiji zaidi ya kumi: Msimbati, Litembe, Nalingu na vinginevyo. Hifadhi hiyo imewadai wavuvi waache nyavu fulani na maeneo fulani ya kuvulia, na si wote walioridhika. Kwa hiyo, matumbawe anayoyatazama mgeni ndani ya maji maangavu yameguswa sana: yameguswa na baruti, kisha yakalindwa na watu waliojinyima.

Lakini hapa pana kichekesho. Mgeni huyu asiyetaka kuona mtu mchana, jua likisha kutua hutaka ngoma. Wapo wenye kambi, na wengine ni ndugu zetu kabisa, wanaodhani kwamba kila kitu cha Wamakonde kinaweza kuletwa mbele ya moto kwa bei. Sindimba imekwisha chezwa majukwaani tangu miaka ya 1960, ikajulikana nchi nzima. Hatuna ugomvi na mchezaji anayelipwa haki yake. Bali mapiko yatokayo wakati wa jando yana siku yake na watu wake. Yanamhusu mtoto anayevuka kuingia utu uzima. Kuyatoa usiku wowote kwa sababu gari la wageni limeegeshwa ni kumnyang'anya mtoto huyo kitu ambacho fedha haiwezi kumrudishia.

Watatujibu kwamba mgeni analipa, na kwamba kusini ni maskini. Jawabu hilo tunalijua. Mwaka 1970 vijana wa TANU walizusha mjadala mkali magazetini juu ya utalii katika nchi ya kijamaa, na mwaka 1973 Issa Shivji akauhariri ukawa kitabu. Walibishana juu ya fedha na hoteli. Sisi tunauliza swali la kabla ya fedha: ni kitu gani hasa kinauzwa? Maji, kuni, samaki na ulinzi vina bei, na vilipwe bila ya kupunjwa. Kutokuwapo kwetu hakuna bei. Mtwara imekwisha ona jinsi mali inavyosemwa kana kwamba imeokotwa. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, ikaanza kutumika kwa umeme mwaka 2006. Na mwaka 2013, wananchi walipouliza kwa hasira watabaki na nini, wako walioshangaa, kama kwamba hawakujua kuwa juu ya visima hivyo wanaishi watu.

Basi yafaa kambi za pwani hii zifuate sheria ya dago. Mgeni apitishwe kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji. Njia ya kwenda baharini isizibwe kwa ua wala kwa mlinzi, kwa sababu bamvua linapokausha miamba akina mama hushuka kutafuta pweza na chaza, na bamvua halimngoji mtalii aamke. Walimu nao wana kazi yao. Wawape wanafunzi wa Mtwara na Mikindani insha juu ya ufuko wanaoujua, wadai humo majina ya visima, ya miamba, ya pepo na ya vyombo, na neno "isiyoguswa" walipige mstari mwekundu kila litokeapo. Na kibao kinachosimamishwa njia panda kumwelekeza msafiri kambini, kiandikwe kwanza jina la kijiji, kwa herufi kubwa kuliko jina la kambi.