Sili Mbili za Kranki na Uhai wa Pikipiki Kongwe

Pikipiki za mipigo miwili zilizotoka Japani, yaani Yamaha za DT na AG100 na Suzuki za TF, ziliitumikia iliyokuwa Wilaya ya South Nyanza nchini Kenya kwa miaka mingi na kwa uaminifu mkubwa, zikiwachukua maafisa wa kilimo, wa mifugo na wa afya katika njia ambazo gari halikudiriki kupita wakati wa masika, kutoka Oyugis hata Ndhiwa na kutoka Rongo hata Muhuru Bay. Wilaya hiyo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, na pikipiki zilizosalia aghalabu huonekana zimeegemezwa ukutani, plagi imeng'olewa na tangi limeshika kutu, na mwenye nazo akiulizwa sababu hujibu kwamba zimezeeka. Hukumu hiyo siiridhii. Nyingi katika hizo ziliuawa na kipande kidogo cha mpira ambacho hakikubadilishwa kwa wakati wake.

Katika injini ya mipigo miwili, hewa na petroli hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya chumba cha kranki, zikasukumwa huko kabla ya kupanda juu kuchomwa. Kwa hiyo chumba hicho hakina budi kuzibwa barabara, na walinzi wake ni sili mbili, moja upande wa magneto na moja upande wa klachi. Sili ya upande wa magneto ikikauka na kupasuka, hewa isiyoalikwa huingia, mchanganyiko ukapungukiwa na petroli pamoja na oili iliyomo ndani yake, joto likazidi kadiri, na pistoni ikavimba hata ikakamata katika silinda. Sili ya upande wa klachi ikiharibika, injini huifyonza oili ya gia na kuichoma, moshi mzito ukatoka nyuma, na mwenye chombo akashangaa kwamba oili ya gia hupungua bila tone kuonekana chini. Dalili ya hewa kuingia kwa sili ya magneto huwa dhahiri kwa mwenye sikio: mpanda pikipiki hulegeza mkono, lakini injini huendelea kuvuma kwa kasi kana kwamba hakulegeza.

Tatizo la zama zetu ni kwamba vijana wetu mafundi, ambao bidii yao haina shaka, wamelelewa na pikipiki za boda boda, Boxer na TVS, ambazo ni za mipigo minne. Katika hizo sili ya kranki ikivuja huchafua injini kwa nje, na mtu huweza kuahirisha matengenezo yake kwa muda bila hasara kubwa. Basi fundi akiletewa Yamaha kongwe iliyopoteza nguvu, hufungua hedi, akaona ringi zimelika, akatia ringi mpya, akafunga, akapokea ujira wake kwa haki kama aonavyo. Baada ya muda mfupi pistoni hukamata tena, na lawama huangukia spea ya bandia au uzee wa chombo, ilhali sababu ya maradhi haikuguswa.

Hata ringi zenyewe zina adabu yake. Ringi mpya hutiwa peke yake ndani ya silinda, ikanyoshwa kwa kichwa cha pistoni, na nafasi baina ya ncha zake ikapimwa kwa fila geji na kulinganishwa na kipimo cha mtengenezaji. Ikizidi, silinda imepanuka na ringi haitaiponya. Hapo yapasa kununua pistoni ya kipimo cha juu, ambacho kwa kawaida hupanda kwa robo milimita, na kuipata mkononi kabla ya kuchonga bloki, ili bloki ichongwe kwa kuifuata pistoni yenyewe. Ncha za ringi sharti zikae penye pini ndogo iliyomo katika mfereji wa pistoni, zisije zikanasa katika matundu ya silinda na kuvunjika. Klipu za kuzuia pini ya pistoni zisirudishwe zikiisha kutolewa. Fauka ya hayo, sponji ya kuchujia hewa isafishwe na kulowekwa oili, kwa maana vumbi la barabara zetu za changarawe likipita hapo husaga silinda usiku na mchana.

Insafu yataka isemwe kwamba injini hizi hutoa moshi, na sehemu ya petroli yake hutoka bila kuungua. Siombi ziagizwe kwa wingi. Walakini maarifa yake hayajapitwa na wakati, kwa sababu wavuvi wa Mbita, Sori na Muhuru wangali wakisukumwa ziwani na mashine za mipigo miwili, na huko injini inayokamata huweza kumwacha mtu mbali na pwani upepo ukivuma.

Yamaha yenyewe ilianza na pikipiki yake ya kwanza, YA-1 ya mwaka 1955, kwa kuifuata DKW RT125 ya Ujerumani, ambayo Waingereza pia waliifuata katika BSA Bantam, na Wamarekani katika Harley-Davidson ndogo ya 125. Mataifa hayo yenye viwanda hayakuona haya kujifunza kutokana na injini ndogo ya mwingine. Nasi tunapo pa kujifunzia vivyo hivyo, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti vyuo vyetu vya ufundi vya vijijini. Basi nawasihi wakuu wa Homa Bay na Migori kwamba pikipiki kongwe za serikali, badala ya kupelekwa mnadani kama chuma chakavu, zipelekwe katika vyuo hivyo pamoja na maikromita na fila geji, na mafundi wazee wanaozijua waitwe kufundisha wangali hai, kwa ujira wa heshima.

Nawe msomaji mwenye pikipiki ya namna hii, usikubali ifunguliwe kwa ajili ya ringi kabla sili zote mbili hazijakaguliwa, na zikiwa ngumu, zibadilishwe zote kwa mara moja.