Meka alitaka nini?

Mutoto wa sekondari analeta ku nyumba kitabu cha Ferdinand Oyono wa Kameruni, Le Vieux Nègre et la médaille (1956). Mwalimu ameuliza: juu ya nini Meka alifurahia medali? Sisi bazazi wa Mashamba tunajibu: "Kaulize mwalimu." Hapana! Jibu tuko nalo. Meka alitoa udongo wake kwa misheni, batoto wake wawili bakafa ku vita ya Ufaransa. Hakuwa mujinga, alitaka heshima, sawa sisi. Walimupa medali, na usiku ule ule polisi wakamufunga. Tumuulize mutoto: nani alitoa, nani alipata, nani alificha nini? Ni maulizo yale yale ya mbele ya kutia sahihi ku mukataba wa kazi.