Kompyuta ya pembeni ipewe zamu ya usiku

Juni 27, 2017, skrini za kompyuta za Maersk zilianza kuwa nyeusi moja baada ya nyingine. Ni kampuni ile ya Denmark ambayo makontena yake yenye nyota nyeupe yamezoeleka katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Kirusi NotPetya kilipenya kupitia programu ya uhasibu inayotumika Ukraine, kikasambaa kwenye mtandao wa kampuni na kuharibu kila diski kiliyoifikia. Seva 4,000 na kompyuta 45,000 ilibidi ziwekewe programu upya. Nakala za seva nyingi zilikuwepo. Zilizokosekana ni za mashine zinazotambua nani ni nani kwenye mtandao. Mashine hizo zilikuwa takriban 150, kila moja ikitunza nakala ya nyingine, na zikafutwa kwa mpigo.

Isipokuwa moja. Ilikuwa Ghana, na umeme ulikuwa umekatika.

Intaneti ya kule ilikuwa nyembamba mno kutuma data ile, na hakuna mfanyakazi wa ofisi ya Ghana aliyekuwa na viza ya Uingereza, ambako kazi ya kurejesha mifumo ilikuwa ikiendeshwa. Mmoja wao akaruka na diski hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanja wa ndege, naye akaifikisha Uingereza. Huenda hakuna siku nyingine ambapo kukatika kwa umeme kulipokewa kwa shukrani namna hiyo.

Bahati ya Maersk inaweza kupangwa, tena kwa gharama ndogo, katika shule, zahanati au chama cha kuweka na kukopa chenye kompyuta kumi. Karibu kila ofisi ina kompyuta ya mezani iliyostaafishwa: imefunikwa kitambaa, juu yake pamewekwa birika la chai, na hakuna anayeiwasha. Wakati huohuo hesabu za miaka mitano zinalala kwenye flashi moja ndani ya droo ya mhasibu, flashi ileile inayopelekwa steshenari kuchapishia kadi za harusi. Huo ni uzembe usio na kisingizio cha umaskini.

Kazi ya kutunza nakala rudufu, au bakapu kama mafundi wanavyoiita, haihitaji mashine yenye nguvu. Inahitaji diski kubwa, ambayo ndiyo pekee ya kununuliwa mpya, na waya wa mtandao. Programu zenyewe ni za bure. Rsync, iliyotoka mwaka 1996, hulinganisha faili la jana na la leo, kisha husafirisha tofauti tu. BackupPC hutunza nakala moja ya faili linalojirudia kwenye kompyuta kumi. Tuseme kila kompyuta ina gigabaiti 50. Kwa waya wa megabiti 100 kwa sekunde, mzunguko wa kwanza utachukua usiku mzima, pengine na asubuhi yake. Usiku unaofuata huenda ni dakika chache tu. Hata ikifanya kazi saa 3, mashine ya wati 80 inakula robo ya uniti ya umeme.

Wapo watakaosema data iende moja kwa moja kwenye wingu. Iende, lakini gigabaiti 500 hizo kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde zinahitaji zaidi ya siku 9 bila kupumzika, na bando halijali kwamba data hiyo ni bakapu.

Lipo kosa moja linaloharibu mpango wote, nalo ni kuigeuza mashine hiyo kuwa folda la wote, linaloonekana kwenye kila skrini. Kirusi kikiingia kwa karani, kitalifikia folda hilo kama karani anavyolifikia. Mashine ya nakala ndiyo iende kuchota kwa wenzake. Wao wasiwe na ruhusa ya kuigusa. Ikimaliza, ijizime. Kompyuta nyingi za zamani zinaweza kupangiwa saa ya kujiwasha zenyewe.

Halafu ikaguliwe. Mwaka 1998, amri iliyotolewa kimakosa katika studio za Pixar ilifuta sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na nakala rasmi zikagundulika kuwa mbovu. Iliyowaokoa ni kompyuta iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, msimamizi wa ufundi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Ilirudishwa studio kwa gari ikiwa imeviringishwa kwenye mablanketi kama mtoto. Januari 2017, GitLab, kampuni inayohifadhi misimbo ya programu, nao walifuta data zao kwa bahati mbaya, ndipo wakajua kwamba nakala za kila siku zilikuwa hazitengenezwi na barua pepe za tahadhari zilikuwa zikikataliwa kimyakimya.

Mwizi akibeba kompyuta zote za ofisi, ataibeba na hii ya nakala. Kwa hiyo diski ya pili ilale jengo lingine, ikiwa imefungwa kwa nywila, maana majina ya wagonjwa na madeni ya wanachama yanalindwa kisheria, Kenya tangu 2019 na Tanzania kwa sheria ya 2022. Kila mwezi mtu achague faili moja la zamani, alirejeshe, alifungue, aandike tarehe kwenye daftari. Birika nalo litafutiwe meza nyingine.