Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Mambo ya Kale: Urithi wa Njia ya Misafara Uhesabiwe Hadi Majini

Kwa: Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, Tanzania

Yah: Mwalo, vyombo na watu wa Ujiji

Njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, mji ambao wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke waliuandika kwa jina la Kazeh. Hapo mizigo ilifunguliwa, wapagazi wakalipwa, wengine wakaajiriwa. Kutoka Tabora njia ilishika magharibi, ikapita kwenye chumvi ya Uvinza na mto Malagarasi, kisha ikateremka Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka Tabora Desemba 1857, wakaliona ziwa hilo Februari 1858. Ilikuwa safari ya miezi miwili kwa miguu.

Ujiji mzigo ulishuka kichwani ukapanda chomboni. Mitumbwi mikubwa ilichongwa kwa magogo ya misitu ya Ugoma, ng'ambo ya ziwa, na wafanyabiashara kutoka pwani wakaleta ujuzi wa tanga. Machi 1858 Speke alivuka kwa mtumbwi hadi Kasenge, kisiwa kidogo karibu na ufuko wa magharibi, akifuatana na mkalimani wake, Sidi Mubarak Bombay. Alikwenda kukodi jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim, mfanyabiashara aliyekuwa na makazi huko, akarudi bila jahazi. Safari hiyo yaonyesha kuwa biashara ya Tabora ilikuwa imekwisha kuvuka maji, na kwamba chombo chenye tanga kilikuwa mali adimu.

Maisha ya mji yalizunguka soko na ziwa. Samaki, mawese, chumvi, mbuzi, vitambaa na pembe za ndovu viliuzwa na kununuliwa kwa shanga zilizoitwa sofi, na walikuwapo watu waliofanya kazi ya kubadilisha shanga hizo. Vyombo hivyohivyo vilivusha mateka kutoka ng'ambo, wakaanza mwendo wa kuelekea Tabora na pwani. Historia ya Ujiji haisemwi kwa haki bila watu hao.

Mambo mawili yaliubadilisha mji. Mwishoni mwa miaka ya 1870 maji ya ziwa yalipata njia ya kutoka kwa mto Lukuga, yakapungua kwa mita kadhaa, ufuko ukasogea mbali na mji wa kale. Kisha reli iliyofika Tabora mwaka 1912 ikafika Kigoma mwaka 1914, na bandari kubwa ikajengwa huko badala ya Ujiji.

Hata hivyo ziwa bado ndilo linalolisha watu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza na taa, hupumzika mbalamwezi inapong'aa, na asubuhi dagaa huanikwa juani. Tanga limeipisha injini katika vyombo vingi, lakini mafundi wangali wanaunda mashua kwa mbao. Serikali ilipolifunga ziwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate kuzaliana, ilionekana wazi ni kaya ngapi zinazotegemea maji hayo.

Mwaka 2006 njia hii ya misafara iliingizwa katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kwihara, karibu na Tabora, kuna tembe alimokaa David Livingstone mwaka 1872. Ujiji kuna makumbusho mahali alipokutana na Henry Morton Stanley mwaka 1871. Kumbukumbu hizo zina thamani yake, lakini wageni hao wawili walifika kwa miguu na makasia ya watu wengine.

Kwa hiyo Idara inaombwa mambo matatu. Kwanza, eneo la urithi la Ujiji lihesabiwe hadi mwaloni, pamoja na ufuko wa kale ulioachwa na maji. Pili, maelezo ya Kwihara na Ujiji yataje wapagazi, mabaharia na mateka, na majina yanayojulikana yaandikwe: Bombay, pamoja na Chuma na Susi, waliopitisha mwili wa Livingstone Tabora mwaka 1873 wakiupeleka pwani. Tatu, maarifa ya mafundi wa mashua, pamoja na majina ya mbao, zana na sehemu za chombo, yarekodiwe kwa Kiswahili na Kiha wakati mafundi wazee wangali hai.