UMISSETA itoe na zawadi ya tabia
UMISSETA ikichezwa Mara, iwe Bunda, Butiama au Musoma mjini, anayeimbwa ni mfungaji. Sawa, mpira ni mabao. Lakini yule beki anayewahi mazoezini kila siku, habishani na refa, na hata akiwekwa benchi anashangilia wenzake, anaondoka na nini? Makofi tu!

John Stephen Akhwari aliumia goti Mexico 1968, akafungwa bandeji, akamaliza marathoni akiwa wa mwisho. Medali hakupata, ila nani hamjui?

Maofisa michezo wa wilaya watenge zawadi moja ya tabia na kujituma. Hata jozi ya njumu inatosha. Kura wapige wachezaji wenyewe, maana wao ndio wanaomjua mtoro wa mazoezi.