Tangazo la Nyumba na Sitara ya Jirani

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ilifaa soko ambalo mnunuzi aliweza kukishika kitu kwa mkono wake, akakigeuza na kukikagua, kisha akatoa fedha. Nyumba ya Lamu au ya Mji Mkongwe wa Unguja, inayopangishwa kwa siku kwa mtalii aliye Berlin au Nairobi, haiwezi kujiuza namna hiyo. Mpangaji huifunga ahadi kabla hajaiona. Basi mwenye nyumba hana budi kuitangaza, wala hana lawama kwa kuitangaza. Lawama imo katika namna ya kutangaza, na lawama hiyo leo si ndogo.

Tangu Airbnb ilipoanzishwa San Francisco mwaka 2008, mtu mwenye nyumba moja na simu moja huweza kusema na dunia nzima bila ya wakala. Hili ni jambo jema. Nyumba ya mawe ya matumbawe huliwa na chumvi na mvua. Chokaa yake hutaka kurudiwa, na boriti zake za mikoko hutaka kubadilishwa. Kazi hiyo ina gharama, na nyumba isiyoingiza kitu huachwa ikaanguka. Wasomaji wa Al-Inkishafi wanajua jinsi majumba ya Pate yalivyohamwa na watu yakahamiwa na ndege na popo. Asiyependa msiba huo urudi Lamu hawezi kukataza nyumba zisipangishwe.

Walakini yasomwe matangazo yenyewe. Kila nyumba ni kasri ya sultani. Kila roshani ni pembe ya pepo. Picha hupigwa kutoka pembeni ili chumba kionekane kipana, hali upana wa chumba cha kale cha Lamu aghalabu hauzidi mita 3, kwa kuwa hupimwa kwa urefu wa boriti zibebazo dari. Hapana neno juu ya ngazi zilizosimama, wala juu ya punda wapitao vichochoroni, wala juu ya adhana ya alfajiri. Mtalii akifika na kuyakuta, hulalamika. Na katika malalamiko yake adhana huitwa kelele na punda huitwa uchafu. Mwenye nyumba ndiye aliyenyamaza, lakini jirani ndiye aonekanaye mkosa.

Kosa hili lina dada yake aliye mbaya zaidi. Nyumba ya Lamu si kuta tu. Ni hoja iliyojengwa kwa mawe. Mgeni hupokewa dakani, nje ya mlango. Aruhusiwaye kuingia hupita tekani, na njia hupinda ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani. Kutoka kiwanda huja misana, na nyuma ya misana huwa ndani, chumba cha zidaka, palipokuwa pa heshima kuliko pote. Ukuta wa njiani hauna madirisha, au unayo machache sana. Kila hatua huuliza: nani huyu, naye ana haki ya kufika wapi? Jibu la maswali hayo huitwa sitara.

Tangazo la leo huisifu sitara hiyo kwa mpangaji. Humwahidi kwamba hataonwa na mtu. Kisha humwalika apande sakafu ya juu kabisa, chini ya makuti, atazame mji. Hapo tangazo halisemi kwamba chini ya macho yake ni viwanda vya watu wengine, ambamo wanawake hufua, hupika na kukaa bila ya buibui kwa kutumaini ukuta. Mwenye nyumba ameuza sitara mbili: moja ni yake, na ya pili ni ya jirani. Hii ya pili hakuwa na mamlaka ya kuiuza, wala jirani hakupewa thamani yake.

Wapo wasemao kwamba tangazo ni sifa, na sifa huruhusiwa kupita kiasi, kama ashairi mshairi. Hoja hii haisimami. Mshairi hapokei arbuni kwa uzuri anaousifu, na msikilizaji hahami kwake kwa ajili ya beti zake. Tangazo ni sehemu ya mkataba. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani wamefanya biashara kwayo karne nyingi, muuzaji aliyeficha kasoro humpa mnunuzi hiari ya kurudisha mali. Kificho hakikupata kuitwa ufasaha.

Wapo tena wasemao kwamba ukweli utafukuza wageni. Utafukuza baadhi yao, nao ni wale ambao wangekuja na kuondoka kwa hasira, wakaiachia nyumba nyota mbili. Ajuaye kwamba ataamshwa alfajiri akaja hivyo hivyo, huyo ndiye mpangaji wa kufaa.

Miji mingine imekwisha kuonja matokeo ya wenye nyumba kusahau majirani. New York ilianza mwezi wa Septemba 2023 kutekeleza sheria ya kuwasajili wapangishaji wa siku chache. Mwaka 2024 meya wa Barcelona alitangaza kwamba leseni za nyumba za watalii hazitaendelezwa baada ya Novemba 2028. Huko malalamiko makubwa yalikuwa kodi na uhaba wa makazi. Lakini mzizi ulikuwa mmoja, yaani faida ya mmoja ililipwa na mtaa mzima. Lamu iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na Mji Mkongwe wa Unguja mwaka 2000. Kilichohifadhiwa humo ni mji wenye watu, si picha zake.

Tangazo la haki si refu. Litaje upana wa chumba na idadi ya vipandio. Liseme adhana ni saa ngapi. Liite daka daka na kiwanda kiwanda, na lieleze maana yake. Liweke sharti la mavazi njiani, na sharti la kutopiga picha kutoka juu. Na kabla halijatolewa, asomewe jirani. Likimwonea haya jirani, halistahili kusomwa na mgeni.